Kura tatu za babu, na bibi aliyeambiwa "hakufaulu"

*"Bibi yangu mzaa baba ni Mluguru wa Matombo, na kwa kadiri tunavyojua alizaliwa mwaka 1935. Kila uchaguzi ukikaribia hurudia kisa kile kile: kwamba mwaka 1958 babu, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge, alikwenda kupiga kura akarudi akisema amepiga tatu, lakini yeye bibi 'hakufaulu', akabaki nyumbani. Baba mdogo anasema bibi anachanganya mambo, kwamba wanawake wote walikuwa wamekatazwa na Mwingereza. Mwalimu wangu wa sekondari naye aliwahi kutuambia kuwa enzi hizo msomi alipewa kura mbili au tatu, na asiye na elimu kubwa moja. Naandika historia ya ukoo wetu na sitaki kuandika uongo. Nani mkweli? Na jambo la pili: kadi ya bibi ya mpiga kura imepotea. Ameniuliza kama haki yake imepotea pamoja nayo."*

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika. Nikutoe wasiwasi mapema: bibi yako hachanganyi kitu. Babu alipiga kura tatu, bibi hakupiga hata moja, na neno "hakufaulu" linaeleza sheria ya mwaka ule vizuri kuliko maelezo ya baba mdogo na ya mwalimu wako. Hao wawili nao hawakutunga. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila amekitoa mahali pengine akakileta Morogoro.

Kwanza uelewe jinsi mwaka 1958 ulivyokuwa mpya. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna mtu, wa rangi yoyote, aliyepiga kura kumpeleka mjumbe humo. Gavana aliteua. Kwa karibu miaka ishirini ya mwanzo hakumteua Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza walikuwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, mwaka 1945. Hata meneja Mzungu wa shamba la mkonge alilofanyia kazi babu yako hakuwahi kumchagulia mtu kiti katika Baraza hilo. Kwa hiyo babu alipotoka nyumbani siku ile ya Septemba, alikwenda kufanya jambo ambalo baba yake wala babu yake hakuwahi kulifanya chini ya serikali ile.

Sasa tuje kwenye kufaulu na kutofaulu. Sheria ya uchaguzi ule haikusema mwanamke asipige kura, wala haikusema Mwafrika asipige kura. Ilitaka mtu awe amefikisha miaka 21, awe ameishi Tanganyika kwa muda uliowekwa, kisha awe na walau kimoja kati ya vitu vitatu: elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa na serikali, kama uchifu au ujumbe wa baraza. Ukiwa na kimoja unaandikishwa. Huna, unarudi nyumbani.

Kwenye karatasi masharti hayo yanaonekana ya haki, maana hayataji rangi wala jinsia. Lakini yapime kwa maisha ya Matombo ya miaka ile. Shule nyingi za vijijini ziliishia darasa la nne. Baada ya hapo kulikuwa na mtihani wa kuingia shule ya kati, ya darasa la tano hadi la nane, na nafasi zilikuwa chache kwa wavulana, kwa wasichana chache zaidi. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000 kwa mwaka, yaani shilingi 250 kwa mwezi. Ujue kwamba mwaka 1963, uhuru ukiwa umekwisha patikana na kima cha chini kimepandishwa, mfanyakazi wa Dar es Salaam aliwekewa shilingi 150 kwa mwezi. Mkata mkonge wa mwaka 1958 angeifikia wapi 250? Na mwanamke aliyelima mpunga na ndizi milimani, akashusha mzigo kichwani hadi sokoni, kipato chake kilikuwa hakiandikwi mahali popote. Vyeo navyo alivigawa Mwingereza mwenyewe, na alivigawa kwa wanaume.

Ndiyo maana bibi anasema hakufaulu. Aliuchukua uchaguzi ule kama mtihani, na kwa kweli ulikuwa mtihani, ila maswali yake yalihusu vitu ambavyo serikali ile ile ilikuwa imemnyima. Hilo nakuomba uliandike wazi katika historia ya ukoo wenu, kwa sababu nimekutana na wazee wengi ambao hadi leo hulitamka neno hilo wakitazama chini, kana kwamba kosa lilikuwa lao. Hata Bibi Titi Mohamed, aliyewatoa wanawake majumbani kwa maelfu wakajiunga na TANU, shule yake ilikuwa ya darasa la nne. Kwa kigezo cha elimu, naye hakufaulu. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni nane, walioandikishwa katika uchaguzi ule walikuwa kiasi cha 60,000 tu. Bibi yako alikuwa upande wa mamilioni.

Babu yako inaelekea aliingia kwa mlango wa elimu, maana karani wa shamba kwa kawaida alikuwa mtu wa darasa la nane. Akishaandikishwa, zile kura tatu hazikuwa zawadi ya usomi wake. Zilikuwa amri.

Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imeshika siasa iliyoiita ya usawa wa jamii tatu: Waafrika, Waasia na Wazungu. Usawa wenyewe ulimaanisha kwamba Wazungu waliokuwa kiasi cha 20,000 walipata viti kumi, Waasia kumi, na Waafrika zaidi ya milioni nane nao kumi. Nchi iligawanywa katika majimbo kumi ya uchaguzi, kila jimbo viti vitatu, kila jamii kiti chake. Kisha likawekwa sharti kwamba kila mpiga kura, awe wa rangi gani, lazima achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukiweka alama kwa Mwafrika peke yake ukaacha wale wengine, karatasi yako inaharibika yote. Hapo ndipo lilipotoka jina la kura tatu.

Waliobuni mpango huu walitumaini kwamba Mwafrika wa TANU angeshindwa kwa kukosa kura za Wazungu na Waasia, na hivyo watapita wapole wa chama cha UTP (United Tanganyika Party), kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali. Ndani ya TANU sharti hilo liliwasha moto. Januari 1958 wajumbe walikutana Tabora, na wengi walifika wakiwa na nia moja: tususie. Utamlazimishaje mtu kumpigia kura asiyemtaka ndipo ruhusa ya kumpigia amtakaye ipatikane? Mwalimu Nyerere alisimama upande wa pili. Hoja yake ilikuwa kwamba TANU ikikaa nje, UTP itaingia bila jasho, na viti vikishakaliwa kuvipata tena itachukua miaka. Mkutano ulikubali kwa taabu, na uamuzi ule ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka, akaanzisha chama chake cha African National Congress. Hata leo nikisoma hoja za pande mbili naona wote walikuwa na haki ya kukasirika. Nyerere alichowazidi wenzake ni kuhesabu.

Na hesabu ilimtii. TANU haikuishia kusimamisha Waafrika. Iliwaambia wapiga kura wake ni Mwasia gani na Mzungu gani wa kumwekea alama, na kwa kuwa kila mtu alilazimishwa kuchagua watatu, kura za wafuasi wa TANU ndizo zilizoamua hata Mzungu gani aende Barazani. Kamba waliyosokota kumfungia mtu wa TANU ikawafunga wao. Waliopita Kaskazini walikuwamo Derek Bryceson kwa kiti cha Wazungu na Sophia Mustafa kwa kiti cha Waasia, wote wakiungwa mkono na TANU. UTP ilisambaratika.

Morogoro wakati huo ilikuwa katika Jimbo la Mashariki, mojawapo ya majimbo matano yaliyopiga kura kwanza, Septemba 1958. Mengine yalifuata Februari 1959. Na hapa pana jambo litakalofurahisha ukoo wenu. Mgombea wa TANU wa kiti cha Mwafrika katika Jimbo la Mashariki alikuwa Julius Nyerere mwenyewe, na mpinzani wake alikuwa Patrick Kunambi, mwana wa Uluguru na mmoja wa wale 17 walioanzisha TANU tarehe 7 Julai 1954. Nyerere alishinda kwa kura nyingi. Kwa hiyo babu yako, kama kweli alipigia kura huko, alishika karatasi iliyomtaka achague kati ya mtu wa Butiama na mtu wa nyumbani. Alimchagua nani? Hilo hakuna jalada litakalokwambia, maana kura ilikuwa ya siri. Ila pengine bibi anajua.

Baba mdogo sasa. Anaposema wanawake walikatazwa, anaelezea Zanzibar. Kule uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, mwaka mmoja kabla ya Bara, na sheria iliwaruhusu wanaume peke yao. Ndio uchaguzi ambao Abeid Karume alimshinda Ali Muhsin huko Ng'ambo. Sheria ilibadilishwa mwaka 1959, na wanawake wa Unguja na Pemba wakapiga kura kwa mara ya kwanza Januari 1961. Baada ya Muungano watu wa Bara na wa Visiwani wamesimuliana mengi, na visa vimeingiliana. Ila tofauti hii usiifute. Zanzibar ilimzuia mwanamke kwa kumtaja. Tanganyika ilimzuia bila kumtaja, na huku kwa pili ni kugumu zaidi kukuthibitisha mbele ya watu, maana daima hutokea mwanamke mmoja au wawili waliopita, wakaonyeshwa kama ushahidi kwamba mlango ulikuwa wazi.

Mwalimu wako naye alikuwa akieleza Kenya. Huko Wazungu walipewa haki ya kuchagua wajumbe wao tangu mwaka 1919, Wahindi na Waarabu wakafuata miaka ya 1920, na Mwafrika akangoja hadi Machi 1957. Alipofikiwa, alifikiwa kwa mpango uliotokana na ripoti ya Walter Coutts: elimu ilikuwa na thamani yake, kipato na mali vina thamani yake, utumishi wa muda mrefu jeshini au serikalini vivyo hivyo, umri wa uzee, hata nishani. Mtu mwenye sifa moja alipata kura moja. Mwenye sifa nyingi aliweza kufikisha kura tatu, zote kwa mgombea mmoja. Wakikuyu, Waembu na Wameru, kwa sababu ya vita vya Mau Mau, ilibidi kwanza wawe na cheti cha utiifu. Katika uchaguzi huo ndimo walimochaguliwa akina Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Basi Kenya kura tatu ilikuwa heshima ya mtu mmoja juu ya jirani yake, na Tanganyika kura tatu ilikuwa mzigo wa kila aliyeandikishwa. Jina moja, mambo mawili. Mtu akifundisha kwa kumbukumbu tu, ni rahisi kuyachanganya, kwa hiyo usimlaumu mwalimu wako.

Umeniuliza nani mkweli, lakini najua kuna swali la pili chini yake: bibi alifaulu lini? Hatua ya kwanza ya kulegeza ilikuwa uchaguzi wa tarehe 30 Agosti 1960. Kura tatu ziliondolewa. Mtu aliyeweza kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliandikishwa, au mwenye kipato cha pauni 75, au mwenye cheo. Daftari lilitoka watu kiasi cha 60,000 likafika watu karibu 885,000 ndani ya muda mfupi. Kama bibi yako alisoma hata shule ya kijiji au madarasa ya jioni ya TANU, huenda jina lake liliingia. Lakini kuandikishwa hakukumaanisha kupiga kura: viti 58 kati ya 71 wagombea wake walipita bila kupingwa, kwa hiyo waliofika vituoni walikuwa wachache. Bibi Titi, yule wa darasa la nne, aliingia Barazani mwaka huo.

Haki ya kila raia mtu mzima, bila shule, bila shilingi, bila cheo, ilitumika mara ya kwanza tarehe 1 Novemba 1962, nchi ikiwa imekwisha kuwa huru na ikichagua Rais wa kwanza wa Jamhuri. Wagombea walikuwa Nyerere na Mtemvu, yule yule aliyetoka Tabora. Nyerere alipata kura zaidi ya milioni 1.1, Mtemvu kiasi cha 21,000. Nikiulizwa kukisia, ningesema hiyo ndiyo siku bibi yako aliposhika karatasi ya kura kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 27.

Yaliyofuata nayapitia haraka, maana swali lako ni la mwaka 1958. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja. Kila mtu alipiga kura, lakini wagombea ubunge wawili wa kila jimbo wote walikuwa wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na Rais akipigiwa ndiyo au hapana. Usidhani kura hizo zilikuwa bure kabisa. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha na wapiga kura walimwangusha mwaka ule. Hata hivyo kuchagua kati ya watu wawili wa chama kimoja ni haki iliyokatwa upande mmoja, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa heshima ya waasisi. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza chini yake ukafanyika Oktoba 1995. Masuala mengine bado yanabishaniwa: mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumlazimisha mgombea awe na chama kunavunja haki zake.

Kuhusu uandishi wako. Unaweza kukiandika kisa kama bibi anavyokisimulia, ukiweka wazi kwamba ni simulizi yake. Kwa mambo ya nyumbani hiyo inatosha, na mara nyingi ni bora kuliko jalada. Ukitaka kwenda mbali zaidi, nenda mwenyewe Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukaombe majalada ya Jimbo la Mashariki ya miaka 1957 hadi 1959, kisha upite kitengo cha East Africana katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukaangalie magazeti ya Septemba 1958, hasa Mwafrika na Tanganyika Standard. Uliza kwanza utaratibu wa kibali, na utenge siku zaidi ya moja. Usitegemee kupata majibu ya ukoo wenu kwenye simu. Mambo haya yanahitaji mtu aketi na karatasi. Na usimsahihishe bibi neno lake. Liandike "hakufaulu" kama lilivyo, kisha chini yake eleza mtihani ulikuwa upi.

Sasa kadi. Mwambie bibi haki yake haijapotea. Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kupiga kura kila raia wa Tanzania aliyefikisha miaka 18, na kadi ni uthibitisho tu kwamba jina lake limo katika Daftari la Kudumu. Kilicho muhimu ni lile jina. Mpeleke, au kama miguu haimruhusu nenda wewe kwanza, kwa afisa wa uchaguzi katika halmashauri yenu. Chukua kitambulisho chake cha taifa kama anacho, ueleze kadi imepotea, na uulize mambo mawili: jina lake bado limo na katika kituo kipi, na ni lini Daftari litaboreshwa ili apewe kadi nyingine. Usimlipe mtu yeyote wa pembeni anayeahidi kukutengenezea kadi. Ukiambiwa jina halimo, omba uelezwe sababu kwa maandishi, na hapo ndipo unapofaa kumwona wakili au kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe.

Halafu fanya jambo hili wiki hii hii, usingoje likizo. Kaa na bibi jioni, uweke simu irekodi, umuulize alipiga kura ya kwanza wapi, chini ya mti au shuleni, alivaa nini, nani alimshikia mtoto, na karatasi ilikuwa na picha gani. Akitaja jembe na nyumba, basi anakumbuka mwaka 1965. Akitaja Mwalimu na Mtemvu, ni 1962. Akisema ilikuwa kabla ya uhuru, niandikie tena.